Njia ya Kwa Kalunde

Jumamosi Nduta aliamka mapema kuliko kawaida, akabeba mitungi miwili mitupu na kuvuka kwa jirani yake Kalunde. Ilimbidi apite ubavuni mwa jiko la jirani, ainame chini ya kamba ya nguo, amsemeshe mbwa ili asibweke, ndipo alifikie geti la wenyewe na kutoka barabarani. Maji ya kisima cha mtaa yalikuwa ya chumvi, hata chai yake haikunyweka, kwa hiyo ya kunywa aliyanunua kwa kijana wa mkokoteni. Alipokuwa akirudi na mtungi wa pili alimkuta Kalunde mlangoni amevaa nguo za safari.

Kalunde alimweleza huku macho yake yakiangalia chini. Walikuwa wanakwenda mazishini Machakos, yeye na mumewe Mbaluka, na wangerudi Jumapili usiku. Ufunguo asingeweza kuuacha. Mbaluka alikuwa amekataa katakata, akisema boma lake si steji ya kila mtu kupitia.

"Si mimi, Mama Kiama," Kalunde alisema. "Unajua tu vile Mbaluka ako. Kama kuna kitu unataka dukani, chukua saa hii."

Nduta alisema hakuna neno. Alishukuru hata, kwa sababu mtu anayekuruhusu kupita jikoni kwake huna haki ya kumkasirikia, na hiyo ndiyo sehemu iliyomuuma zaidi. Alikimbia dukani akanunua unga, mafuta na mkate wa mgeni. Mara tu aliporudi kwake akasikia kufuli la kwa Kalunde likibanwa, na gari la kukodi likiondoka.

Sasa walikuwa wamefungiwa, yeye na mjukuu wake Makena, ambaye bado alikuwa amelala na hakujua.

Ploti hiyo ya hamsini kwa mia Nduta aliinunua kwa jasho la kuuza mitumba sokoni Kitengela, na nyumba ya vyumba viwili akaijenga polepole, mawe ya mwezi huu, mabati ya mwezi ujao. Nyuma yake kulikuwa na shimo la machimbo yaliyoachwa, refu kiasi kwamba mbuzi wakitumbukia hawafuatwi. Kulia, ukuta wa mtu. Kushoto, kwa Kalunde. Mbele ndiko ilikokuwa barabara, mpaka kampuni moja ya kujenga maghorofa iliponunua ng'ambo yote na kuinua ukuta wa mawe juu ya barabara yenyewe, mbele kabisa ya geti lake.

Alikwenda kwa chifu. Chifu alisikitika, akamtuma Kajiado. Kajiado afisa wa ardhi alikunjua ramani, akaweka kidole juu yake na kumwambia kwa furaha kwamba barabara yake ipo, hakuna aliyeichukua, inaonekana hapa, Mama. Akamwambia arudi Alhamisi. Alhamisi afisa alikuwa semina. Wiki iliyofuata faili lilikuwa limepelekwa Nairobi. Kila ofisi aliyoingia ilikubali kwamba barabara ipo, na hakuna hata moja iliyokwenda kuuambia ukuta.

Kisha akaja Makokha, msimamizi wa ujenzi wa kampuni ile, mtu mpole wa kuvua kofia. Alipitia kwa Kalunde na katoni ya soda, akaketi kwenye kochi la Nduta, akamtajia bei ya ploti: milioni mbili na nusu. Nduta alimwambia soda aende nazo. Bei hiyo hakumwambia mtu yeyote, si Kalunde, si akina mama wa kanisani, na zaidi ya wote si mwanawe Kiama.

Kiama asingeambiwa lolote. Tangu baba yake afe, wimbo wake ulikuwa mmoja: Mama auze, ahamie kwake Ruiru. Nduta alishawahi kukaa Ruiru wiki mbili. Alipewa chumba cha kando ya jiko, akaketi mbele ya runinga akingoja kuambiwa chakula kiko tayari, na siku alipoinuka kuosha vikombe akanyang'anywa kwa heshima. Aliona wazi kwamba huko angekufa akiwa amekaa. Kiama akijua kuhusu ukuta, siku hiyo hiyo ploti ingekwisha. Kwa bahati Kiama alikuwa mtu wa kupiga simu, si wa kuja. Hata jana yake, Ijumaa, yeye na mkewe wakielekea Meru kwa sherehe, alimshusha Makena barabara kuu na Nduta akaenda kumpokea huko. Walipopita jikoni kwa Kalunde gizani, alimwambia msichana hiyo ni njia ya mkato.

Makena alikuwa na miaka kumi na sita, yuko nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Alikunywa chai, akala mkate, akaosha vikombe bila kuambiwa, na Nduta akafurahi mpaka akajisahau. Ndipo msichana akasema rafiki yake wa shule, Wahu, anakaa hapo karibu na wamepanga kuonana.

Nduta alisema jua ni kali. Makena akasema ana kofia. Nduta akasema kuna vumbi, lori za mawe zinapita ovyo, na isitoshe kuna maharagwe ya kuchambua. Makena alichambua maharagwe. Yalipokwisha, Nduta alijifanya anatafuta chumvi jikoni, na akiwa bado anapekua akasikia komeo la geti likivutwa, kisha chuma kikigonga jiwe.

Alitoka nje. Geti lilikuwa limefunguka kiasi cha mkono kupita, na Makena alikuwa amesimama ameshika simu.

"Shosho, hii geti haifunguki. Kuna ukuta."

"Najua."

"Si basi tutoke na ile njia ya jana?"

"Wenyewe wamefunga. Wameenda Machakos."

Makena alimtazama bibi yake, akatazama shimo, akautazama ukuta wa kulia. "Kwa hivyo tumefungiwa? Na ukigonjeka usiku?"

Nduta alisikia aibu ikimpanda usoni kama mtu aliyekutwa bafuni. Alimketisha akamsimulia yote, isipokuwa habari ya soda na bei. Mwisho akamwambia, "Lakini hii usimwambie baba yako."

Makena aliitazama simu mkononi. Macho yalimjaa machozi. Pale getini alikuwa ameshapiga picha na kuituma kwenye grupu ya familia, na chini yake ameandika: Cheki vile wamefanyia Shosho. Alidhani ndugu wakiona, watakuja na nyundo.

Mashangazi walijibu kwa nyuso ndogo zinazolia. Kiama alipiga simu, na Makena akaiweka kwa sauti kubwa.

Nduta alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hakukuwa na kelele. Kiama hakuuliza nani amejenga, wala lini. Alisema pole, akauliza kama wana chakula, kisha sauti yake ikashuka ikawa ya mtu anayefundisha mtoto.

"Mama, si umejionea mwenyewe. Zile milioni mbili na nusu zilikuwa pesa nzuri. Saa hii hata watashusha."

Nduta aliinama karibu na simu. "Hiyo bei ulitoa wapi?"

Kule Meru watu walikuwa wakiimba. Kiama alikohoa, akasema wataongea vizuri kesho, akakata.

Makena alilia, akisema ni yeye ameharibu. Nduta alimwambia hajaharibu kitu, na hilo lilikuwa kweli. Mioyoni mwao walijua wote wawili kwamba lililoharibika liliharibika zamani, watu wazima wakiwa wameketi mahali wanazungumza bila Nduta.

Jumapili mchana sauti ya Lesiamon, mlinzi wa ujenzi, ilisikika ng'ambo. "Yeyo, takwenya," alimsalimu mama huyo kwa Kimaasai, kwa unyonge wa mtu aliyetumwa. Nduta aliitikia. Ngazi ikaegemezwa kule, nyingine ikateremshwa huku, na uso wa mwanawe ukatokea juu ya ukuta. Geti kubwa la kampuni, ambalo Nduta aligonga mara ngapi asifunguliwe, kwa Kiama lilikuwa limefunguka.

"Mama, panda taratibu. Nitakushika. Twende Ruiru upumzike."

"Nikipanda hapo nitarudi na njia gani?"

Kiama alimwita Makena afanye haraka. Makena aliketi chini kwenye vumbi na begi lake.

"Mimi sipandi. Dad, wewe ndio unafaa uambie hao watu wafungue."

Nduta alitamani abaki. Alitamani kwa nguvu iliyomtia hofu, na ndiyo maana alimwinua. Alimwambia kesho ni shule, akamfuta vumbi sketi, akaishika ngazi kwa mikono miwili mpaka viatu vya msichana vikapita kichwani pake. Hakumwangalia akishuka upande wa pili. Ngazi ya ndani ikavutwa juu.

Kisha akamsikia Makokha akiuliza, kwa upole wake uleule, kama wairudishe ngazi moja upande wa Mama, endapo kutatokea dharura.

"Hapana, toeni," Kiama alisema. "Asije akapanda akaanguka."

Lesiamon aliiburuta ngazi juu ya kokoto.

"Kiama," Nduta alisema, kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Waambie siuzi."

Alingoja. Ng'ambo mlango wa gari ulifungwa, halafu mwingine, na gari likawashwa.