Nguzo ya Watu Sita

Tangu alfajiri Fairuz hakukaa kitako. Alikwenda dirishani, akarudi ukutani penye picha, akaingia jikoni, akasahau alichokifuata. Baba yake, Mzee Awadh, walikuwa wamemzika mwezi uliopita, na wasia wake ulikuwa mmoja: nguzo ya kaburi la babu zao, kule upande wa Lamu, imeanguka, isimamishwe kama ilivyokuwa.

Na ilivyokuwa, Fairuz aliijua kwa ile picha ya sebuleni, hapo hapo kwao Jumeirah Village Circle, Dubai. Ilikuwa nakala ya mchoro wa Mzungu aliyepita pwani zamani. Nguzo imepaa, na chini yake wamesimama watu wadogo kama sisimizi. Mzee Awadh aliwapimia wanawe kwa kidole, mtu juu ya mtu, mpaka kileleni. "Watu sita," akisema. "Nani Dubai hii ana babu wa watu sita?"

Simu ikalia. Alikuwa binamu yake, Himid, yuko makaburini na fundi.

"Dada, chokaa imeshachanganywa. Nimpe kipimo gani?"

"Si nilikwambia? Watu sita."

"Hebu tazama kwanza." Akageuza kamera. Vipande vya nguzo vilikuwa vimelazwa majanini, kimoja baada ya kingine, hadi kile cha juu chenye bakuli la kaure. Himid akajinyoosha ubavuni mwake. Nguzo ilimpita kwa urefu wa mkono tu. "Hakuna kilichopotea, vyote vinashikana. Hao watu sita wako labda walikuwa wa chekechea."

Fairuz hakucheka. "Aongeze mawe mapya."

"Anasema msingi haubebi. Lakini mwenye neno ni wewe."

Fairuz akazunguka meza. Akikubali, baba yake amekufa mwongo. Akikataa, wasia unaanguka na nguzo yake.

"Kaa, mwanangu, wanizungusha kichwa," alisema shangazi yake, Bi Sheikha, aliyekuwa mkekani akichambua ubani wa soko la Al Ras.

"Shangazi, nguzo ya babu ilikuwa na urefu gani?"

"Urefu? Kila tukienda kufagia makaburi, Awadh akivua kofia akaitia katika lile bakuli la juu, isilowe jasho. Bibi akimkimbiza na fagio."

"Alikuwa akifika?"

"Kwa ncha za vidole. Akiruka kidogo."

"Na watu sita?"

"Hiyo aliianzia hapa. Nyinyi mmezaliwa hapa, mkitoka nje mwaona majengo yameshika mawingu, mkirudi mwamuuliza, baba, kwetu kuna nini. Angewaambia nini?"

Fairuz akaitazama picha, kisha simu.

"Himid, umevaa kofia?"

"Nimevaa."

"Mwambie fundi asimamishe vipande hivyo hivyo. Akimaliza, uitie kofia yako bakulini, nione."

"Na nisipofika?"

"Ruka kidogo."

Ndipo alipokaa mkekani, akavuta sinia ya ubani kwake.