Jina Lililoulizwa na Kompyuta

Mwaka ule wa 2006 wezi wa barua pepe hawakuja na panga. Walikuja na Kiingereza cha adabu. "Sanduku lako la barua litafungwa leo. Bofya hapa, uthibitishe." Na Siamanta, aliyefaulu kidato cha sita kwa daraja la kwanza, tena binti wa nyika za Handeni ambako hata mtoto mdogo humdanganyi ng'ombe huyu ni wa nani, akabofya. Akaandika neno lake la siri. Akaingizwa mjini mchana kweupe, pale Korogwe, kwenye kafe ya intaneti.

Amne, mwenye kafe, alikuwa akipita nyuma yake na kitambaa cha vumbi. Akasimama ghafla.

"Siamanta, hebu ngoja. Anuani hiyo hapo juu siyo ya barua pepe yako! Umeshaandika neno la siri?"

"Nimeandika, dada."

"Mungu wangu! Siku nyingine usibofye kitu kama hicho, mdogo wangu. Andika anuani mwenyewe, kwa mkono wako. Toka humo, tubadilishe upesi."

Walijaribu kuingia. Neno la siri likakataliwa. Wakajaribu tena, likakataliwa. Mwizi alikuwa ameshawatangulia. Ndani ya sanduku lile kulikuwa na barua ya chuo cha mifugo cha ng'ambo, yenye namba ya kujibia kwamba nafasi anaikubali. Mwisho wa kujibu ulikuwa leo saa kumi. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu.

"Umebaki mlango mmoja," Amne alisema, "kama naye hajaufunga. Lile swali la usalama tulilojaza siku ya kwanza, tulipolifungua sanduku."

Akabofya. Swali likatokea: Baba yako anaitwa nani?

Siamanta aliweka vidole juu ya herufi, vikagoma. Walipojaza swali lile baba yake alikuwa hai. Masika yaliyopita walimzika, na kwao nyikani jina la marehemu halitamkwi. Kuandika nako ni kutamka? Hakujua.

"Andika basi!" Amne alihimiza. Kwao Mpale, kule milimani, wafu hutajwa kila siku, wajukuu wakipewa majina yao.

Siamanta akamgeukia mama yake, Nasieku, aliyeketi kwenye benchi la mlangoni. "Yeyo, mashine inataka jina lake."

Nasieku aliitazama saa ya ukutani. Tisa na dakika arobaini. Siamanta alimchukia yule mwizi, akajichukia mwenyewe zaidi.

"Basi, Yeyo. Twende nyumbani, nitachunga."

"Nyamaza."

Nasieku akainuka, akaja kumshika mwanawe bega. Miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kumwita mumewe kwa jina.

"Tiampati," alisema, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Andika, mwanangu Amne. Kosa liwe langu."

Amne akaandika. Sanduku likafunguka. Wakabadilisha neno la siri. Barua ilikuwepo, na jibu likaondoka saa kumi kasoro dakika nne. Siamanta akalia waziwazi, kwa nafasi aliyoipata na kwa jina ambalo hakuwa amelisikia tangu mazishi.

"Inauliza kama tuliache swali lilelile," Amne alisema.

Nasieku alijifuta macho kwa ncha ya shuka. "Libadilishe, mwanangu. Ameitwa, ameitika. Sasa mwacheni alale."