Mbuzi Asiyelia

Mwanamvita hakumwamini Daktari Efraimu tangu siku ya kwanza, na wala hakujisumbua kuficha. Daktari gani huyu anayepanga nyumba ya geti jeusi huko Mpemba, nje ya mji wa Tunduma, hana hata kibao mlangoni? Lakini mumewe Habibu, dereva wa malori, alikuwa na kidonda cha sukari mguuni kilichogoma kupona. Hospitali walishasema mguu ukatwe, na mfa maji haishi kutapatapa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Efraimu alisema huku akifungua bandeji. Dawa yake ilikuwa ngozi hai ya mbuzi: inatolewa leo, inabandikwa leo, inashikana na nyama ya mtu.

Mwanamvita alikwisha kumuuliza afisa afya wa kata. Alijibiwa kwamba jambo kama hilo halifanywi kiholela. Pawe na kibali, mgonjwa aambiwe ni mnyama gani na hatari yake ni ipi, kisha apimwe damu maisha yake yote, maana mnyama naye ana maradhi yake.

"Kibali kiko wapi, daktari?"

"Kiko Nakonde, mama. Ng'ambo, Zambia."

Mwanamvita anauza vitenge pande zote mbili za mpaka, na mchezo huo anaujua: ukiulizwa huku, mzigo ni wa kule, ukiulizwa kule, mzigo ni wa huku.

"Mama Ishaka, niachie mguu wangu," Habibu alimwambia mkewe.

Mwanamvita akamwachia. Naye pia alitamani kumwona mumewe akikanyaga klachi tena. Ila masikio aliyaacha wazi. Uani kulikuwa kimya, na mbuzi hajui kunyamaza.

Habibu alikwisha kulala kitandani pale muuguzi Ketrina, dada mpole wa Mbozi, alipochungulia mlangoni.

"Daktari, mbuzi katoliki keshalala kwa sindano. Nimnyoe?"

Tunduma nzima inajua mbuzi katoliki ni nani. Ndiye yule anayechomwa kwenye mabaa, na hana pembe.

Efraimu hakupepesa macho. "Sikudanganya, mama. Nilisema mbuzi."

Habibu alijiinua kwa viwiko. "Daktari, shehe wangu alisema dharura ina hukumu yake, hata angekuwa nguruwe. Ungesema tu, ningekubali."

"Basi tatizo liko wapi? Lala."

Habibu akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba, kama anataka aambiwe alale. Mwanamvita moyo ulimuuma.

"Huyo mnyama ana maradhi gani?" akauliza.

"Hana."

"Nani kampima?"

"Mimi mwenyewe."

"Wewe uliyempima ukamwona mbuzi."

Habibu akateremsha mguu wake mbovu, akatafuta kandambili chini ya kitanda, akavaa zote mbili.

Jumatatu hospitali waliukata. Kabla ya kukata walimweleza yote, hata yale aliyoomba asiambiwe, na Mwanamvita alilia tangu mwanzo wa maelezo hadi mwisho.