Chuma Ana Afya Mpaka Desemba

Mimi siumwi. Kazini wote wanalijua hilo, ndiyo maana wananiita Chuma. Miaka kumi na moja maabara sijaomba ruhusa hata ya mafua. Mafua nimeyapata, sikatai, ila niliyanyamazia.

Kwa hiyo ile chupa ya damu ya kulinganishia ilipoisha, Mkuu wa maabara hakuhangaika. Ngoja nieleze, maana watu hudhani sisi tunabahatisha. Kipimo cha bruselosi, ule ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwa mbuzi na ng'ombe, ni chepesi. Tone la majimaji ya damu ya mgonjwa, tone la dawa ya pinki, unatikisa kigae dakika nne. Likibaki laini, hana. Likifanya punjepunje kama maziwa yaliyokatika, anao. Lakini pembeni lazima uweke tone la mtu asiyeumwa. Hilo nalo likikatika, basi dawa ni mbovu, majibu ya siku nzima yanatupwa.

"Tutumie damu ya Chuma," Mkuu akasema, na akaniandikia barua yenye muhuri: mtajwa hapo juu ana afya njema mpaka tarehe thelathini na moja Desemba.

Nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Nikaibandika ukutani juu ya sinki, kila anayenawa aisome.

Tangu siku hiyo dawa zote zikawa mbovu. Chupa ya kwanza, tone langu likakatika. Ya pili, vilevile. Nikamwandikia msambazaji barua ya matusi ya kistaarabu. Akaleta ya tatu na kuomba radhi, nayo ikakatika. Wagonjwa wa homa wanakuja, tunawatoa damu, tunawaambia kipimo kimeharibika, wanarudi nyumbani na vidonge vya malaria ambayo hawana.

Na mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu, ninayeishi naye.

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Wiki ya sita sasa, homa inapanda jioni, asubuhi inashuka, mgongo umemgomea, anatembea kwa kushika ukuta. Malaria hana, taifodi hana. Daktari alishaniambia, "Niletee jibu la bruselosi lenye muhuri, nimwanzishie dawa leo hii. Bila muhuri sifungui kabati. Na msichelewe, itamlaza kabisa." Mke wangu akaanza kunitazama kana kwamba funguo za kabati ninazo mimi mfukoni.

Pamoja na maradhi yote hayo, kila asubuhi mama anajikongoja uani, anamkamua mbuzi wake, ananiletea kikombe. Mabichi, yana povu bado.

"Kunywa, baba. Yakichemshwa yanakuwa maji tu."

Anasimama mbele yangu mpaka nimalize. Jamani, mimi maziwa yananichefua tangu utotoni! Lakini mkwe ni mkwe. Nakunywa, nasema asante mama, naenda kazini jasho linanichuruzika na magoti yananiuma, nalaumu joto la bati la maabara.

Najua unachotaka kusema. Mtaalamu mzima, hukuona? Sikuona. Nilikuwa na barua.

Siku moja nilimwambia, "Mkuu, leo natetemeka." Akaitazama ile karatasi ukutani.

"Desemba si mbali," akasema. "Vumilia."

Basi ikafika Jumatatu, mke wangu na jirani wakamleta mama amekalia kiti cha jikoni, wamekibeba huku na huku. Miguu imekataa kabisa. Wakakitua karibu na mlango wa maabara. Nikamtoa damu, nikaweka tone lake na langu. Yote mawili yakakatika.

"Tupa," Mkuu akasema bila hata kugeuka. "Dawa mbovu."

Nikamtazama mama pale kwenye kiti, kichwa kimeangukia begani kwa mwanawe. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka.

"Situpi," nikasema. "Mkuu, lete mkono."

"Nani, mimi? Mimi ni utawala!"

"Lete mkono wa utawala."

Akanyoosha mkono, akafumba macho, akaanza kuomba dua. Sindano ilipoingia akateleza taratibu mpaka sakafuni, na mimi nikateremka naye, bomba lisichomoke. Nikaizungusha ile damu kwenye mashine, nikaweka tone. Nikatikisa dakika nne, nikaongeza mbili kwa ubishi tu. Laini.

Nikakaa chini pembeni yake. Kumbe dawa ilikuwa nzima. Chupa zote tatu zilikuwa nzima. Kibovu nilikuwa mimi. Daftarini walikuwemo wagonjwa arobaini na mmoja tuliowarudisha, na wote ilibidi waitwe upya. Niliona aibu, siwezi kukuficha.

Mkuu akafumbua macho. "Nimepona?"

"Hukuwa unaumwa. Ninayeumwa ni mimi."

"Huwezi," akasema. "Barua haijaisha."

Muhuri wa kwanza nilimgongesha kwenye jibu la mama, akiwa bado kalala palepale chini. Kisha nikaibandua ile barua, akaandika nyuma yake: afya ya mtajwa imesitishwa.

Mimi na mama tukalazwa wodi moja, pazia katikati, dawa zilezile, sindano zilezile. Siku ya tatu mama akawa anakaa mwenyewe. Nikaona nisipomwambia leo, sitamwambia tena. Nikavuta pazia.

"Mama, nisamehe. Ni yale maziwa. Ndiyo yaliyotulaza."

Akageuza kichwa kwenye mto, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "kwani ulikuwa unayanywa?"

"Yote, mama. Si ulikuwa umesimama pale?"

"Marehemu baba mkwe wako nilimsimamia miaka thelathini. Alikuwa anayaweka mashavuni, nikigeuka anayatemea kwenye maua. Nilijua, nikanyamaza. Wanangu nao hivyohivyo, mkeo akiwemo." Akavuta shuka. "Zaidi yangu, hakuna aliyewahi kuyanywa."

Akajifunika shuka usoni, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani homa imerudi, kumbe analia. Mke wangu alipoingia na chakula, mama akajifunua, akajifuta macho.

"Ukitoka hapa kanunue sufuria. Kubwa."

"Ya nini, mama?"

"Ya kuchemshia maziwa," akasema. "Mumeo anakunywa kweli."