Gauni la Zege

Mayasa alikuwa ameshona magauni ya harusi, kanzu, sare za shule na mapazia ya msikiti, lakini hakuna aliyewahi kumwambia ashonee nguzo.

"Nguzo ya nini?" aliuliza, pini zikiwa bado mdomoni.

"Ya nyumba, Mama." Binti yake, Lerato, alitandaza michoro juu ya cherehani. "Unashona mfuko mrefu. Tunausimamisha, tunamwaga zege ndani. Likishakauka, tunaivua nguo."

"Kwani mbao zimekwisha Johannesburg nzima?"

"Mbao zinanipa nguzo iliyonyooka kama askari. Mimi nataka ivimbe pale inapoelemewa, ibonyee pale inapojikaza. Mtu akiitazama tu, iseme kwamba inabeba."

"Iseme kwa lugha gani? Maana wewe mwenyewe nikikuongelesha Kiswahili unanijibu Kizulu."

Pale mlangoni Sipho, mume wa Mayasa, aliangua kicheko. Sipho alijifunza Kiswahili Morogoro alipokuwa uhamishoni, enzi za ubaguzi wa rangi, na huko ndiko alikomkuta Mayasa kwenye karakana ya ushonaji. Tangu arudi kwao Afrika Kusini na mkewe, Kiswahili hicho alikitumia zaidi kumtetea binti yake.

Na safari hii Lerato alihitaji kutetewa. Hii ilikuwa nyumba yake ya kwanza kuichora kwa jina lake mwenyewe. Mwenye nyumba, Mzee Nassir, alikuwa mtu wa Tanga anayeuza vitambaa mtaa wa Fordsburg, na alikuwa anajenga mtaa wa Observatory, mlimani. Alikubali kuta za matofali mekundu zinazopinda, madirisha yasiyolingana, na paa lililonyanyuka upande mmoja kama shuka lililopeperushwa na upepo. Kwenye nguzo sita za baraza ndipo aliposita. "Nionyeshe moja," alisema. "Nikiikataa, kazi iliyobaki atamalizia mtu mwingine."

Mayasa alishona siku tatu. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha plastiki iliyofumwa, kigumu kama gunia la unga, na kilimvunjia sindano mbili. Vipimo vya Lerato alivifuata vyote, isipokuwa pale alipojua zaidi. Kiunoni na kwenye nyonga aliongeza vidole vinne kila upande, kama anavyomwongezea kila mteja wa Fordsburg anayependa biriani. Nguo isiyo na nafasi haimwachii mtu apumue. Fundi gani asiyelijua hilo?

Hakuna aliyemwambia kwamba zege halipumui. Ukiliachia nafasi, linaijaza.

Siku ya kumwaga, mafundi walipanda ngazi na ndoo, na maji yakatokeza kwenye kitambaa kama jasho. Wiki iliyofuata, asubuhi ambayo Mzee Nassir alitarajiwa, mafundi waliikata nguo kwa kisu na kuibandua taratibu mbele ya Lerato na wazazi wake. Nguzo ikatokeza laini kama ngozi, mshono ukiwa umejichora ubavuni na mikunjo kwenye magoti. Na katikati, juu ya magoti hayo, palikuwa na nyonga.

Lerato aliitazama nguzo, kisha michoro yake.

"Mama," alisema Lerato. "Uliongeza?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vidole vinne. Nafasi ya kupumua."

"Eish, Mama! Ni zege!"

"Nilijuaje kwamba litashiba hivyo?"

Sipho aliizunguka nguzo, mikono nyuma. "Huyu mtu mimi namfahamu."

"Ni Shufaa," Mayasa alidakia haraka. Shufaa alikuwa jirani yake wa dukani, mwanamke mpana.

"Shufaa wapi? Mama Lerato, mimi nimetembea nyuma ya umbo hili miaka thelathini."

Mafundi walijishika mbavu. Mayasa aligeuza uso, maana ilikuwa kweli: mviringo wa nyonga aliuchora kwa kufuatisha sketi yake mwenyewe. Lakini Lerato hakucheka. Alikaa juu ya rundo la matofali, akakunja mchoro wake, akaukunja tena mpaka ukawa mdogo kama kijitabu cha namba za simu.

"Tuibomoe kabla hajafika," alisema.

Hawakuwahi. Gari la Mzee Nassir lilikuwa tayari linapanda mlima. Alishuka, akaitikia shikamoo ya Lerato, na kabla hajauliza lolote Mayasa akamsogelea.

"Kosa ni langu, kaka Nassir. Mtoto alipima sawasawa."

Mzee Nassir aliizunguka nguzo, kisha akapitisha kidole gumba kwenye alama ya mshono, kama anavyofanya dukani kwake.

"Umerudiwa mara mbili huu."

"Mara tatu," alisema Mayasa.

Mzee Nassir akaguna. Akataka kuingia ndani aone sakafu, na sakafu ilikuwa mpya, kwa hiyo akainama avue viatu. Hapakuwa na kiti. Aliegemeza bega kwenye kiuno cha nguzo, likakaa pale barabara, akafungua kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili, huku akimuuliza Lerato habari za mabomba. Alipomaliza hakuondoka. Alibaki pale na soksi zake, mgongo kwenye zege, akitazama mji chini.

"Hii inabeba," alisema mwishowe. "Zilizobaki lini?"

Lerato alianza kuukunjua mchoro wake.

"Ila zisifanane," aliendelea Mzee Nassir. "Sitaki mapacha sita barazani kwangu."

Kesho yake asubuhi, dukani, Mayasa alivaa utepe wake wa kupimia shingoni na kumtazama Sipho kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Baba Lerato, vua koti."

"Mimi? Mimi sina nyonga!"

"Tutatumia ulichonacho."

Sipho alisimama katikati ya duka, mikono ameitanua, tumbo amelivuta ndani mpaka macho yakamtoka. Lerato alikaa sakafuni na penseli, akisubiri namba.

"Baba," alisema, kwa Kiswahili, "pumua."

Sipho akaachia. Mayasa akapima, kisha akaongeza vidole vinne.