Spidi Isiyoandikwa

Jamaa akitoka Uswidi mpaka hapa Chauvin, kusini kabisa mwa Louisiana, kuja kupiga picha kiwanda cha barafu kilichokufa, utamfanyaje? Unampa kahawa, unamwacha apige picha zake. Nimeshawapa kahawa watu kumi na mmoja wa aina hiyo, wote na fulana nyeusi kwenye jua la kuchoma utosi. Kila mmoja huniuliza swali lile lile: "Mzee Ovide, mliwezaje kupiga muziki polepole namna ile?" Nami huwajibu: "Joto." Wanacheka, wanaandika kwenye simu zao.

Uongo mtupu. Joto halimo kabisa.

Tulikuwa watatu. Nedra Falgout, gitaa na sauti. Pitre, besi. Mimi, Ovide Lirette, ngoma. Bendi yetu iliitwa Tope la Agosti, na muziki wetu ni ule wanaouita metali ya tope: gitaa zito linalokokota miguu, na mwimbaji anayepiga kelele kama aliyebanwa kidole mlangoni. Mchana tulimenya kamba wa baharini mpaka vidole vikapasuka, jioni tukaingia karakana, tukawasha amplifaya, tukayatoa yote yaliyotukaa kifuani. Agosti ya mwaka tisini na nne, katika zile wiki mbili kati ya msimu mmoja wa kamba na mwingine, kiwanda cha barafu kikiwa kimelala, tuliingia mle ndani na mashine ya tepu tuliyoazima kanisani, tukarekodi nyimbo sita. Nedra alikuwa na mimba ya miezi mitano. Aliimba ameegemea ukuta, na kati ya wimbo na wimbo alitafuna bamia za siki kutoka kwenye chupa.

Nilimpenda? Ee, nilimpenda, tena sana. Yeye alijua na Pitre alijua, na hatukuwahi kulizungumza hata siku moja. Basi, tuendelee.

Jumapili moja ya Februari iliyopita, watu wametoka misa, Simone akasimama mlangoni kwangu na boksi kwapani. Simone ndiye yule aliyekuwa tumboni kule kiwandani. Mama yake aliteleza na gari kwenye barabara ya mvua, akafa, mtoto ana mwaka na miezi mitatu. Mimi ndiye niliyemshika siku ya ubatizo wake, na kwetu hiyo si heshima ya kuvaa tai tu. Unaapa mbele ya padri kwamba utamwambia mtoto ukweli.

"Mjomba, kaa chini," akasema.

"Nani kafa?"

"Hakuna. Yaani, yupo, lakini hamkuwahi kuonana. Yule bwana wa Georgia aliyewatolea kaseti. Mjane wake alikuwa anasafisha stoo, kanitumia hii."

Akaweka boksi mezani. Ndani mlikuwa na rili ya tepu, pana kama sahani. Juu ya kifuniko kulikuwa na majina ya nyimbo sita kwa mwandiko wangu, ule wa ujana, unaoringa. Chini yake nilikuwa nimeandika neno "Spidi" na nukta mbili. Mbele ya zile nukta hakuna kitu.

Nikapaziba pale kwa kiganja.

"Mjane anasema mwanzoni kuna watu wanaongea," Simone akaendelea. "Mumewe aliiruka ile sehemu, haikuingia kwenye kaseti. Mjomba, mama anaongea humu ndani."

Lazima ujue kwamba kile kimbunga cha mwaka elfu mbili na tano kiliingiza maji nyumba ya bibi yake mpaka darini. Kilisomba kila mkanda wa video, kila kaseti ya sikukuu za kuzaliwa. Picha za mama yake anazo nne, moja ina ukungu. Kumsikia akiongea, hajawahi.

"Kuimba kwake nakujua," akasema. "Nataka kumsikia akiongea tu. Hata akisema 'funga mlango'."

Kuimba kwake nakujua, anasema! Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze, kwa sababu hakukujua. Hakuna anayekujua zaidi yangu na Pitre.

Kwenye ile rekodi sauti ya Nedra inatoka chini kabisa, kama ng'ombe dume aliyezama kwenye bomba la maji machafu. Ndiyo sauti iliyotupa jina. Simone alipokuwa na miaka kumi na saba alijiunga na vijana fulani wa bendi mjini Houma, akajaribu kuimba nyimbo za mama yake. Sauti yake nyembamba, kali, inachoma kama sindano. Vijana wakaangua kicheko. "Mama simba, mtoto kifaranga!" Alikuja kwangu macho yamevimba, akasema, "Mjomba, sina hata kitu kimoja nilichorithi kwake." Hakuimba tena tangu siku hiyo. Na mimi nilifanya nini? Nilimpakulia bakuli la gumbo, ule mchuzi wetu mzito. Mungu anisamehe.

Sikiliza sasa. Ile mashine ya kanisa ilikuwa na spidi mbili. Tulirekodi kwa ile ya juu, kwa sababu sauti hutoka safi zaidi. Kazi ya kuandika boksi ilikuwa yangu. Niliandika nyimbo, nikaweka mbwembwe kwenye herufi, spidi nikaisahau. Bwana wa Georgia akaicheza kwa spidi ya chini, nusu yake. Wimbo wa dakika nne ukawa wa dakika nane, sauti ya mwanamke ikawa ya zimwi. Angekuwa amepokea tepu ya bendi nyingine yoyote duniani, angepiga simu kuuliza kuna nini. Lakini sisi ni watu wa metali ya tope, tena wa vinamasini! Alisema tu, hawa jamaa wamezidi, akachapa kaseti mia tano.

Zilipofika tulikaa watatu ndani ya gari la Pitre tukaisikiliza. Nedra akauliza, "Huyu nani?"

Pitre alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka pia. Wiki tatu baadaye zikaanza kuja barua: hawajapata kutokea watu wazito kama nyinyi. Tukaitwa kupiga mjini Baton Rouge, tukaitwa mjini Mobile. Watu walitaka kile walichokisikia kwenye kaseti, kwa hiyo ikabidi tujifunze kupiga kosa letu wenyewe. Tulilegeza nyuzi mpaka zikaning'inia kama za kuanikia nguo. Nedra, mtoto akiwa ameshazaliwa, alilazimisha koo lake lishuke kule chini, na usiku ule wa Baton Rouge alitema damu kwenye sinki.

"Ovide, waandikie Georgia," aliniambia. "Waambie ukweli. Ile si sauti yangu."

"Subiri kidogo," nikasema. "Tumalize hizi safari."

Nilisema hivyo mara tatu. Sikutaka watu wajue kwamba ukubwa wetu wote ulitokana na mpiga ngoma aliyesahau kuandika. Kisha Nedra akafa, na nikaona kumsahihisha maiti ni kumvunjia heshima. Ndivyo nilivyojidanganya. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekwenda miaka ishirini na minne.

Tulipeleka boksi kwa Pitre. Siku hizi anatengeneza redio na spika, na ana mashine ya tepu inayofanya kazi. Lakini tepu za miaka ile huwezi kuzicheza hivi hivi. Gundi yake hunyonya unyevu, ukiizungusha inanata na kujichuna, na sauti inabaki kwenye mashine kama masizi. Ni lazima uioke kwanza, kwa joto dogo, kwa muda wa saa nane. Pitre huziokea kwenye mashine yake ya kukaushia nyama ya kulungu.

"Itanuka pilipili," Simone akasema.

"Mama yako naye alinuka siki," Pitre akamjibu. "Watapatana."

Aliiweka Jumamosi alfajiri. Simone alipotoka kwenda kununua mkate, Pitre akanigeukia.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Tangu lini unamwambia, wewe mzee? Sikiliza. Hii mashine ina swichi ya spidi, na yule mtoto si mjinga. Ataniuliza niiweke wapi. Mimi sitakujibia. Boksi uliandika wewe."

"Wewe ulicheka!"

"Nilicheka siku moja. Kanyamaza nani miaka yote hii?"

Simone akarudi, tukala mkate na soseji. Saa nane mchana Pitre alitoa rili, akaipuliza, akaivisha kwenye mashine taratibu kama mtu anayemvisha mtoto soksi. Akachomeka waya wa kompyuta ili sauti inaswe, kwa sababu tepu ya namna hii huenda usiipate mara ya pili. Akaweka kidole kwenye swichi, akanitazama mimi.

"Unasubiri nini?" Simone akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, kofia mkononi, kuanzia kanisani tulikoazima mashine mpaka sinki la Baton Rouge. Nilisema, ile sauti uliyoisikia maisha yako yote si ya mama yako. Ni kosa langu, nikalifanya siri.

Akaongea polepole sana.

"Siku ile nilikuja kwako nalia."

"Ndiyo."

"Ukanipa gumbo."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Miaka sita, Ovide. Nimefunga mdomo miaka sita, na wewe una jibu mfukoni."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu tupu. Iliniuma kuliko kofi. Nikaelekea mlangoni, nikijua sistahili kuwemo mle ndani.

"Kaa hapo hapo," akasema. "Utasikiliza. Pitre, weka juu."

Swichi ikalia. Rili zikaanza kuzunguka. Kwanza ukaja ule mlio wa tepu, kama mvua nyembamba, kisha hatua za mtu kwenye sakafu ya saruji, kisha chupa ikagongwa.

"Nani kamaliza bamia zangu?"

Lo! Sikuwa nimejiandaa. Unaweza kumkumbuka mtu kila siku na bado sauti yake ikakutoka bila kujua imeondoka lini. Ilikuwa nyembamba, kali, ya mtu anayetaka ugomvi wa kuchekesha. Nilimtamani Nedra kama siku ya kwanza, mimi mzee wa miaka hamsini na tatu, magoti mabovu.

"Ovide, ni wewe," ikasema.

"Si mimi." Kijana fulani mpumbavu alimjibu. Mimi huyo.

"Mdomo unanuka siki, mwongo mkubwa! Haya. Umeandika spidi kwenye boksi?"

"Nimeandika."

"Ovide."

"Nimeandika, bwana! Imba tuondoke."

Nilikuwa nimesahau kwamba aliniuliza. Miaka yote nilijua nilisahau kuandika, sikujua kwamba nilidanganya.

"Aa, huyu mtoto kanipiga teke," Nedra akasema, akacheka. "Tulia wewe, mama anafanya kazi. Hesabu, Ovide, kabla hajanipiga tena."

Vijiti vikagongana mara nne, na wimbo ukaingia. Ulikuwa mzito bado, wa tope bado, lakini ulitembea. Na juu yake ikapanda sauti ya Nedra, ile ya kweli, inachoma kama sindano, haikumwogopa mtu. Simone alijishika koo. Alitazama spika, akamtazama Pitre, akanitazama mimi, na mdomo wake ukaanza kuyafuata maneno bila sauti. Alikuwa anayajua yote. Wimbo ulipoisha Pitre alisimamisha mashine, akajifanya anafuta miwani.

"Ni mimi," Simone akasema. "Yule ni mimi kabisa."

Pitre alikwenda kuchukua besi yake. Simone akaelekeza kidole kwenye ngoma za Pitre zilizojaa vumbi kwenye kona.

"Sijakusamehe," akaniambia. "Lakini kaa pale. Hesabu."

Nilikaa. Niligonganisha vijiti mara nne. Pitre aliingia, Simone akafungua mdomo, na sauti iliyokuwa imetoka kwenye spika dakika moja iliyopita ikatoka kwa mtu aliye hai, mbele yangu, amevaa suruali ya jinzi yenye unga wa mkate. Akaenda nayo kwa mwendo wa kweli wa wimbo. Mimi nikabaki nyuma. Miaka ishirini na minne mikono yangu imepiga lile kosa, na ile kasi ya kwanza haiijui tena.

Simone akasimamisha wimbo.

"Mjomba," akasema, "unachelewa."

"Najua," nikamwambia, nikipangusa macho kwa kiwiko. "Anza tena."