Doa Lililosogea

Jumanne asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili atetee tasnifu yake ya uzamili, Rael aliweka mkono kwenye jukwaa la hadubini, pale sampuli inapolazwa, akahisi joto. Akauondoa haraka kana kwamba amefumaniwa.

"Hiyo hupata moto koili ikiwaka sana," alisema Were, fundi wa maabara, bila kuinua macho. "Kwani hujawahi kugundua?"

Hakuwa amegundua. Mwaka mzima wa 2006 alikuwa amekaa katika chumba kile cha chuo, karibu na katikati ya jiji, akichunguza filamu ya sumaku nyembamba kuliko unywele. Kwenye hadubini ilionekana kama mabaka meupe na meusi, kila baka usumaku wake umeelekea upande wake. Mpaka kati ya mabaka mawili ndio wataalamu huita ukuta. Rael aliusukuma ukuta huo kwa nguvu ya koili, waya uliozungushwa ambao hutoa usumaku umeme ukipita. Ulinaswa kwenye kasoro mbili za filamu, ukajipinda katikati kama upinde. Akizima koili, unanyooka na kurudi ulikotoka. Tasnifu nzima ilisimama juu ya kurudi huko: ukuta hunyumbuka kama mpira.

Na kama kilichorudi si ukuta? Joto lingeweza kusogeza jukwaa, na likipoa, picha nzima irudi mahali pake. Yeye alikuwa amepima kuanzia ukingo wa picha, ambao haungeonyesha tofauti.

Jopo la watahini lisingeuliza. Kazi ya kufundisha chuoni ilikuwa ikingoja cheti chake, na nyumbani, mtaa wa Kabiria, dada yake Millicent alikuwa ameshatangaza habari hiyo kanisani. Angeweza kunyamaza tu.

Alitafuta doa dogo jeusi kwenye filamu, akawasha koili, akangoja. Baada ya dakika kumi alichungulia. Doa, ambalo halikuwa na sababu yoyote ya kwenda popote, lilikuwa limesogea alama tano za kipimo cha hadubini. Ukuta ulikuwa umesogea kumi na mbili.

Alizima. Ukuta ulinyooka papo hapo. Doa lilirudi polepole, kadiri jukwaa lilivyozidi kupoa. Kwa hiyo ukuta ulinyumbuka kweli, ila kwa alama saba tu. Alirudia kwa nguvu kubwa zaidi, safari hii akipima kutoka kwenye doa. Ukuta haukurudi wote. Ulibaki mbele alama mbili, na hata aliposubiri, haukusonga.

Hesabu zote za sura ya nne ya tasnifu hazikuwa sahihi.

Alipanda ngazi hadi ofisi ya msimamizi wake, Daktari Kiragu, akasimama mlangoni hadi alipoitwa mara ya pili. Alieleza kila kitu bila kupumua.

"Nani mwingine anajua?" Kiragu aliuliza.

"Were alinionyesha joto tu, Daktari. Hayo mengine ni mimi."

Kiragu alizungusha kalamu. "Alhamisi ningesimama mbele ya wale watu nikitetea hizo hesabu zako."

"Najua. Nisamehe, Daktari."

"Sikusema uombe msamaha." Akainuka. "Twende unionyeshe hilo doa."

Alichungulia hadubini kwa muda mrefu. Kisha akamwagiza Rael arudie kwa nguvu ile kubwa, na Rael akarudia. "Mwaka mzima tunaandika kwamba unarudi," akasema mwishowe, "kumbe ukisukumwa sana kuna mahali unachoka. Hiyo ni sura nyingine. Alhamisi imekufa."

Utetezi ulisogezwa hadi Aprili. Baadaye ile kazi ya kufundisha akapewa mtu mwingine.

Jioni ya Jumanne ile, nyumbani Kabiria, Millicent alikuwa akipiga pasi gauni la Alhamisi. Rael alimweleza kwamba utetezi umeahirishwa.

"Kwa hivyo umefeli?"

"Sijafeli. Nimewaambia mwenyewe."

Millicent alichomoa pasi ukutani, akabaki akimtazama. "Na watu wa kanisa nitawaambia nini?"

Rael alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaomba chai.